Napoli, Ercolano na Pompei kwa siku tatu: tathmini ya treni ya Circumvesuviana

Circumvesuviana, treni ya mitaa inayotoka Napoli na kupita chini ya mlima Vesuvio, ni chakavu, inajaa na inachelewa. Hata hivyo, kwa mtu mwenye siku tatu Napoli anayetaka kuiona miji iliyofukiwa na mlipuko wa Vesuvio mwaka 79 baada ya Kristo, hakuna usafiri unaomfaa zaidi. Ubora wake uko kwenye stesheni. Ile ya Pompei Scavi–Villa dei Misteri iko karibu kabisa na lango la Porta Marina, na ukishuka Ercolano Scavi unateremka barabara moja iliyonyooka, Via IV Novembre, kama dakika kumi hadi getini. Nauli ni euro chache tu, na treni hupita takriban kila nusu saa. Gari la kukodi litakuingiza kwenye msongamano wa Napoli na kukudai pesa ya maegesho kila unaposimama. Basi la watalii nalo mara nyingi hukupa saa mbili za Pompei, na saa mbili pale ni sawa na kuchungulia mlangoni.

Ujue mapema kwa nini inasumbua, ili upange safari ukiwa na habari. Nafasi kati ya vyuma viwili vya reli hii ni milimita 950, wakati reli ya kawaida ya Italia ina 1,435. Kwa hiyo treni za shirika la taifa haziwezi kuja kusaidia, na EAV, kampuni inayoiendesha, inategemea mabehewa yake yenyewe, mengine yakiwa ya tangu miaka ya 1970 na hayana kiyoyozi. Upande wa Sorrento, mji ulio mwisho wa njia hii, sehemu kubwa ya njia ni reli moja na treni husubiriana stesheni. Moja ikichelewa kule, adha hiyo hufika hadi Napoli. Ndiyo maana treni ya kurudi jioni hukosea ratiba kuliko ile ya asubuhi. Mwenye ndege usiku huo ajiachie angalau saa moja ya ziada. Migomo nayo ni ya kawaida. Hutangazwa siku kadhaa kabla, na treni za saa fulani huhakikishwa kisheria, kwa hiyo soma tangazo lililobandikwa stesheni kabla ya kukata tamaa.

Watu wengi hupandia Napoli Garibaldi, chini ya stesheni kuu ya Napoli Centrale. Sisi tunashauri utembee dakika chache zaidi hadi Porta Nolana, ambako treni inaanzia. Hapo unapata kiti. Garibaldi ni kituo cha pili na viti vimeshakaliwa. Kabla ya kupanda, soma ubao. Unayoitaka ni ya Sorrento. Ya Poggiomarino nayo huenda upande wa Pompei, lakini hukushusha Pompei Santuario, ndani ya mji wa sasa. Si balaa, kwa kuwa ukitembea kidogo unafika lango la Piazza Anfiteatro, ila mgeni asiyejua hudhani amepotea. Za Baiano na Sarno zitakupeleka kwingine kabisa. Kwa Ercolano, kituo ni Ercolano Scavi. Usisubiri Ercolano Miglio d'Oro, na usichanganye na Portici-Ercolano, ambayo ni stesheni ya reli nyingine iliyo mbali zaidi na magofu. Tunza tiketi hadi mwisho wa safari, utaihitaji kwenye geti la kutokea. Simu na pochi vikae mbele ya mwili, hasa watu wanaposongamana mlangoni milango ikikaribia kufungwa. Wezi wa mfukoni wanaifahamu njia hii vizuri.

Sasa mpangilio wa siku, na hapa ndipo wengi wanapopoteza nusu ya faida ya safari. Anza na Ercolano, kisha Pompei, umalizie na makumbusho ya Napoli.

Ercolano itangulie kwa sababu ndiyo inayokufundisha nyumba ya Kirumi ilikuwaje. Pompei ilinyeshewa majivu na mawe mepesi ya volkano kwa saa nyingi, mapaa yakalemewa na kuanguka, ndiyo maana leo unakuta kuta bila vichwa. Ercolano ilivamiwa na mawimbi ya gesi na majivu ya moto mkali, mbao zikageuka makaa bila kuteketea, kisha mji ukazibwa chini ya tabaka nene la mita nyingi lililoganda likawa mwamba. Kwa hiyo unaona ghorofa za juu, mihimili, fremu za milango, ukuta wa mbao unaokunjwa katika Casa del Tramezzo di Legno, na rafu za duka la mvinyo jirani na Casa di Nettuno e Anfitrite. Ukishaona hivyo, siku inayofuata kule Pompei unajua ngazi ilipandia wapi na dari ilikaa kimo gani. Anayeanza Pompei huona mawe mengi. Anayetoka Ercolano huona nyumba.

Eneo lililofukuliwa Ercolano ni kama hekta 4 tu, saa tatu zinatosha bila haraka. Teremka hadi kwenye mahandaki ya mashua yaliyokuwa ufukweni, ambako yalipatikana mabaki ya watu takriban 300 waliokuwa wakisubiri kuokolewa kwa njia ya bahari. Ukiwa pale chini tazama juu: mji wa leo umejengwa juu ya sehemu ambayo haijafukuliwa. Kuna wanaojaribu kubandika na kilele cha Vesuvio siku hiyohiyo kwa mabasi yanayotoka hapo stesheni. Inawezekana, lakini tiketi ya kilele hununuliwa mapema mtandaoni, na ukungu ukishuka umelipia kutazama weupe.

Pompei ni jambo jingine. Mji mzima una hekta 66, na takriban theluthi mbili zimefukuliwa. Tangu Novemba 2024 wanaoruhusiwa kuingia ni 20,000 kwa siku na tiketi huandikwa jina. Andika majina kama yalivyo kwenye pasipoti, hata kama kila siku unatumia mawili kati ya matatu, na pasipoti yenyewe uende nayo. Nunua kwenye tovuti ya hifadhi, pompeiisites.org. Ukitoka stesheni utawakuta watu wenye vibao vya "info" wakikuambia tiketi zinauzwa kwao. Hao wanauza ziara, pita. Kuna tiketi ya mji peke yake na ile inayojumlisha majumba ya nje ya kuta. Mwaka 2024 ziliuzwa euro 18 na 22. Lipa hiyo ya juu. Bila hiyo huingii Villa dei Misteri, na picha za ukutani za jumba lile, zenye wekundu wake maarufu, zina thamani kuliko tofauti hiyo ya bei. Walio chini ya miaka 18 hawalipi. Jumapili ya kwanza ya mwezi kiingilio ni bure kwa wote, na kwa sababu hiyo ndiyo siku ya kuepuka.

Begi linalozidi sentimita 30 kwa 30 kwa 15 haliingii. Liache mapokezi ya mizigo, au bora zaidi uliache hotelini. Mawe ya barabara ni ya volkano, yamesuguliwa na kuteleza, na yana mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni. Vaa viatu vyenye soli ngumu inayoshika. Kigari cha mtoto kitakutesa, isipokuwa ukiingilia Piazza Anfiteatro na kufuata njia iliyosawazishwa, yenye zaidi ya kilomita 3. Kivuli ni haba. Chupa beba tupu, chemchemi za barabarani zina maji ya kunywa.

Fika geti linapofunguliwa, saa 3 asubuhi (ratiba huandika 09:00). Makundi yote huanzia Foro, uwanja mkuu wa mji wa kale, kwa hiyo upite bila kusimama, uende moja kwa moja Casa dei Vettii, iliyofunguliwa upya Januari 2023 baada ya ukarabati wa miaka mingi. Vyumba vyake ni vidogo, na baadaye foleni huwa ndefu. Kisha shuka Terme Stabiane, yaani bafu za umma, ufuate Via dell'Abbondanza hadi uwanja wa michezo wa mashariki, uliojengwa karibu mwaka 70 kabla ya Kristo. Foro uiache kwa alasiri, na Villa dei Misteri iwe ya mwisho. Usikasirike ukikuta nyumba fulani imefungwa. Hufunguliwa kwa zamu na nyingine ziko kwenye matengenezo.

Kadi ya Campania Artecard ya siku tatu inajumlisha usafiri, na maeneo mawili ya kwanza unayotembelea hayalipiwi. Yanayofuata hupunguziwa bei. Maeneo mawili hayo yawe yale ya bei kubwa, na punguzo litumie kwa la tatu. Anayeona Pompei peke yake haimlipi.

Kulala, chagua Napoli ya kale karibu na metro ya mstari wa 1, vituo vya Dante au Museo. Kutoka hapo makumbusho ya akiolojia, MANN, unayafikia kwa miguu, na hufungwa Jumanne. Usiipange Jumanne kuwa siku ya tatu. Vitu vilivyong'olewa Pompei na Ercolano viko huko, ukiwemo mozaiki wa Aleksanda Mkuu vitani, ambao sakafuni mwa Casa del Fauno kule Pompei umewekewa nakala. Miaka hii umekuwa ukikarabatiwa, kwa hiyo ulizia dirisha la tiketi kama unaonekana kabla hujalipa.