Kabla ya Kuuliza Jina la Mvinyo, Uliza Umezibwaje: Mwongozo wa Kununua Mvinyo wa Kuletewa Nyumbani

Malalamiko ya wasomaji yaliyonifikia msimu huu wa joto yanafanana. Msomaji wa Mbezi Beach aliagiza kwa simu mvinyo mwekundu wa Afrika Kusini, bodaboda ikamletea saa nane mchana, na alipoufungua jioni akakuta kinywaji chenye harufu ya matunda yaliyochemshwa. Mwingine, wa Kigamboni, alipokea chupa ambayo foili yake ya shingoni ilikuwa inanata, na muuzaji akamjibu kwamba hiyo ni hali ya kawaida. Wote wananiuliza wanunue mvinyo gani safari ijayo. Nawajibu kwamba aina ya zabibu isubiri kidogo, kwa kuwa katika Dar es Salaam ya Januari hadi Machi, joto la mchana linapofika nyuzi 32, kinachoamua kama mvinyo utafika mlangoni ukiwa mzima ni namna ulivyozibwa na namna ulivyobebwa.

Joto haliandikwi kwenye lebo, na ndiyo maana wanunuzi wengi hawalifikirii. Mvinyo hutanuka unapopata joto. Katika chupa ya mililita 750 iliyozibwa kwa kizibo cha gamba la mwaloni, kizibo chenyewe hujaza sehemu kubwa ya shingo, na hewa inayobaki chini yake ni mililita chache tu. Chupa ikitolewa kwenye chumba chenye kiyoyozi, ikawekwa ndani ya boksi jeusi la pikipiki na kupigwa jua kwenye foleni ya Mwenge, mvinyo hutanuka mpaka nafasi hiyo ikaribie kwisha, shinikizo hupanda, na kizibo husukumwa juu au mvinyo hupenya pembeni mwake. Madhara ya pili huja usiku, chupa inapopoa: mvinyo hunywea, na hewa ya nje huvutwa ndani kupitia upenyo uleule. Mnunuzi ataiweka chupa hiyo kabatini akisubiri sikukuu, bila kujua kwamba oksijeni imekwisha kuanza kuiharibu.

Kwa sababu hiyo nafasi ya kwanza naipa chupa ya kioo yenye kifuniko cha kuzungusha, na miongoni mwa vifuniko hivyo ninaipendelea waziwazi chapa ya Stelvin. Ilibuniwa Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msukumo wa kiwanda cha mvinyo cha Yalumba cha Australia, ambacho kilikuwa kimechoka kupoteza mvinyo mzuri kwa sababu ya vizibo vibovu. Wakulima wa Clare Valley, huko Australia Kusini, waliikubali kwa pamoja katika mvinyo wao mweupe wa Riesling mwaka 2000, na mwaka uliofuata wenzao wa New Zealand wakaanzisha juhudi kama hiyo. Leo chupa isiyo na kifuniko cha kuzungusha ni nadra katika mvinyo wa New Zealand. Kwa mnunuzi wa kwetu faida yake kubwa ni kwamba hakuna kizibo kinachochukua nafasi shingoni, kwa hiyo hewa iliyo juu ya mvinyo ni nyingi zaidi na joto likipanda mvinyo una mahali pa kutanukia. Kifuniko hakizuii mvinyo kuiva kwa joto, na asiwepo wa kukudanganya kwamba kinazuia, lakini walau kinakuepusha na dhara lile la kuvuja na kuvuta hewa.

Kina udhaifu mmoja, nao naomba msomaji ausome kwa makini, maana sijawahi kusikia muuzaji akiutaja. Kinachoziba hasa si nyuzi zile za kuzungushia. Ni kipande chembamba laini kilicho ndani ya paa la kifuniko, ambacho katika aina nyingi huwa na tabaka la bati, na ambacho hukandamizwa kwenye mdomo wa chupa kule juu kabisa, ukingoni. Ukingo huo ukigongwa ukabonyea, kipande hicho huachia mdomo wa chupa na hewa huanza kuingia, ingawa kifuniko kitaonekana kimefungwa na pete yake ya chini haijakatika. Ukingo hubonyea namna hiyo chupa zinapopangwa kreti juu ya kreti bila kadibodi ya kuzitenganisha, au zinapogongana ndani ya begi la dereva kwenye matuta. Kwa hiyo pitisha kidole gumba kuzunguka ukingo wa juu wa kifuniko. Ukikuta kibonyeo, hata kidogo, usiipokee chupa hiyo.

Nafasi ya pili ni ya Diam. Hiki ni kizibo cha chembe za gamba la mwaloni zilizosafishwa kwa kaboni dioksidi yenye shinikizo kubwa, kisha zikagandishwa pamoja. Usafishaji huo huondoa kemikali ya TCA, ambayo nanogramu chache tu katika lita moja hutosha kuupa mvinyo harufu ya kadibodi iliyolowa. Nambari inayochapwa kwenye kizibo, kwa mfano 5 au 10, ni idadi ya miaka ambayo mtengenezaji anakidhamini. Tatizo ni kwamba huwezi kuisoma mpaka uwe umekwisha kuzibua chupa, na joto kali linaweza kukisukuma kama vizibo vingine.

Mvinyo wa boksi nimeuweka nafasi ya tatu, ingawa wengi wenu mlitaka uwe wa kwanza. Ni uvumbuzi mzuri wa Thomas Angove wa Australia Kusini, aliyeupatia hataza mwaka 1965: mfuko ulio ndani hujikunja kadiri unavyomimina, hewa haiingii, na mvinyo uliokwisha kufunguliwa hukaa kwenye friji wiki nne au zaidi, ilhali chupa iliyofunguliwa huharibika baada ya siku chache. Boksi la lita 3 ni sawa na chupa 4, halivunjiki, na halina kizibo cha kusukumwa. Hata hivyo plastiki ya mfuko na bomba lake hupitisha oksijeni polepole tangu siku mvinyo ulipotiwa kiwandani, na joto huharakisha jambo hilo. Mvinyo wa boksi haungoji mwaka wa pili. Tafuta tarehe ya kujazwa, ambayo huchapwa ubavuni au chini ya boksi, na umtake muuzaji akutumie picha yake kabla hujalipa. Hapa nina kinyongo cha siku nyingi, kwa sababu nimeona maduka yanayobandika karatasi ya bei juu kabisa ya tarehe hiyo, na nimeona boksi lililokaa ghalani kupita muda wake likiuzwa kwa bei ileile ya boksi jipya.

Kizibo halisi cha kipande kimoja cha gamba ni kitu cha heshima, na mwaloni wa Ureno unaobanduliwa gamba kila baada ya miaka tisa unastahili sifa zake. Lakini kinunue ikiwa utakwenda dukani mwenyewe na kurudi na chupa ndani ya gari lenye kiyoyozi. Kwa kuletewa na pikipiki, sikishauri. Vizibo vya bei nafuu vya plastiki, makopo na chupa za plastiki vinafaa kwa mvinyo utakaonywewa wiki hiyohiyo, wala sina la kuongeza.

Mvinyo wa Dodoma unahitaji maneno yake. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na chupa husafiri kwa barabara zaidi ya kilomita 400 kabla ya kufika Dar es Salaam, kisha ndipo safari ya bodaboda huanza. Kwa safari hiyo natamani kila mtengenezaji wa Dodoma atumie kifuniko cha kuzungusha, hata kwa mvinyo wake bora, badala ya kuweka kizibo ili chupa ionekane ya kifahari mezani. Wauzaji wa mjini ndio wanaoilinda imani hii kwamba kizibo ni ubora: hukupandishia bei ya chupa yenye kizibo na kukuuzia na kizibuo juu yake. Wanakutoza nauli kwa kilomita, lakini ni wachache wanaompa dereva begi la kuzuia joto, na chupa wanayokuletea mara nyingi ni ileile iliyopambia dirisha lao la mbele, jua likiipiga kutwa nzima. Kama kioo chake ni cheupe, mwanga huo peke yake unatosha kuharibu harufu ya mvinyo mweupe.

Agiza jioni, baada ya saa kumi na mbili, au asubuhi mapema. Mwambie muuzaji kwa maandishi kwamba chupa itoke ghalani na isitoke dirishani. Dereva akifika, ishike chupa kabla ya kulipa: ikiwa ni ya moto mkononi, irudishe. Yenye kizibo, jaribu kuizungusha foili ya shingoni. Inayozunguka kwa urahisi ni dalili njema, na iliyoganda au inayonata huenda mvinyo umevuja chini yake. Bonyeza juu ya foili pia usikie kama kizibo kimepanda kupita mdomo wa chupa. Malipo yafanyike baada ya hapo, dereva akiwa bado amesimama getini, kwa sababu fedha ikishatoka kwenye simu muuzaji atasema chupa iliharibikia kwako.