Odoo mu kinkayeri yetu ya Lubumbashi: miezi 6 nayo, nasema vile niliona

Jambo bandugu, jambo bamama, karibuni tena. Leo siko na telefoni mupya wala kaske. Niko na programu ya kuongoza biashara, lojisiele vile batu ya hesabu banaita, jina yake Odoo, na sikuifungua jana juu ya kufanya vidio, hapana, miezi 6 iko inatumika mu kinkayeri yetu hapa Kampemba, tunauzisha sima, mabati, misumari na rangi, batumishi 5 na mimi wa 6.

Mbele yake tulikuwa na kaye 3. Moja ya mauzo, moja ya madeni, moja ya kufika ku kazi, na ile ya mwisho njo ilikuwa na uongo sana, kila mutu ameandika saa 1 na nusu, hata mwenye ameshuka mu busi saa 3 anaandika saa 1 na nusu, kalamu moja, mwandiko moja, mi naangalia nacheka tu.

Bon, Odoo inatoka Ubelgiji, Fabien Pinckaers njo aliianza 2005 ikiitwa TinyERP, jina ya Odoo ikakuya 2014. Iko ya namna 2: Community ya bure, na Enterprise ya kulipa kwa kila mutumiaji. Ile sehemu ya kupanga zamu, Planning, na ile ya kupima batumishi, Appraisals, ziko mu Enterprise, kwa hiyo mutu akikuambia "yote ni bure" umuulize vizuri. Sisi tuko na Community, kijana mumoja wa informatiki alituwekea ku kompyuta ya zamani mu ofisi, telefoni za duka zinaingia kwa wifi ya ndani, hata mega za interneti ziishe kazi inaendelea. Umeme ukikatika ni hadithi ingine, tafuta batri na inverta mbele ya kutafuta programu.

Sehemu ya stoki njo ilinifanya nikae chini. Angalia hapa ku ekra... unaiambia sima ikishuka chini ya mifuko 150 itengeneze oda ya kununua. Sasa 150 inatoka wapi? Programu haijui, ni weye. Sisi tunauzisha karibu mifuko 30 kwa siku, na loli ikikwama Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, inaweza kulala kule siku 5, basi 30 mara 5, njo hiyo. Miaka yote hiyo hesabu sikuwahi kuifanya, nilikuwa nangojea komi, kijana wa kuuzisha mu duka, alalamike "patro, sima imeisha" njo nakimbia kununua kwa bei ya mutu mwenye haraka. Na mabati vilevile, nilivyoingiza kaye ya mwaka jana nikaona yanatoka sana mwezi wa 9 na wa 10, batu banafunika nyumba mbele ya mvua, na mi kila mwaka nanunua mwezi wa 10 wakati bei imeshapanda. Ile programu haikunifundisha kitu, ilinionyesha tu ujinga wangu mu grafike.

Makuta: dola na franga zote zinaingia, lakini mu Community bei ya dola unaandika mwenyewe. Mi nilisahau wiki 2, ripoti inasema faida, kesi ya makuta inasema mambo ingine. TVA ya 16%, ile kodi ya serikali ku mauzo, inahesabu bien.

Sasa batumishi. Kuko sehemu inaitwa Attendances, unaweka tablete ku mulango, kila mutu anapiga namba yake ya siri akiingia na akitoka. Wiki ya kwanza nikafurahi, hakuna hata mumoja anachelewa, beko wanafika saa 12 na nusu asubuhi! Kumbe mwenyewe nilichagua saa ya Kinshasa, na sisi hapa Lubumbashi tunaitangulia Kinshasa saa 1 nzima. Badilisheni kabisa, iko imeandikwa Africa/Lubumbashi, musifanye kama mimi, nilishawanunulia hadi soda.

Halafu nikafanya kosa kubwa kushinda hilo. Nilisema bonasi ya mwezi itapewa mwenye ana fakitire mingi, juu ripoti ya kila muuzaji iko pale, ni kubonyeza tu. Wiki 2 fakitire zikapanda, mi niko na raha. Siku moja nimesimama nyuma ya mabati, anakuya papa mumoja na kamio, anataka mifuko 40 ya sima. Komi wangu, kijana wa akili sana, anapiga fakitire ya mifuko 4. Anapiga ingine ya 4. Ingine ya 4. Karatasi inatoka tu. Papa anamuangalia, anamuuliza: "Mutoto, mi niko mutu moja ao batu kumi?" Komi, bila haya: "Ni mashini, papa, njo inataka vile."

Sikumukaripia. Mashini haikutaka kitu, sheria niliandika mimi.

Na mama wetu wa rangi alikuwa wa mwisho ku liste, juu yeye anachukua nusu saa na kliya mumoja, anamuuliza ukuta ni wa namna gani, umeshakauka ao hapana, anachanganya, anamupakia kidogo ku kibao. Fakitire zake kidogo sana. Nikabadilisha, sasa naangalia faida yenye inabaki, na madeni yenye yamelipwa, na nikawaambia wote mbele yao kitu gani napima, hakuna siri. Mama akapanda juu. Komi akashuka, kumbe nusu ya mauzo yake ilikuwa mukopo.

Donc, kama uko peke yako na mutumishi mumoja, baki na kaye yako, Odoo itakuchokesha bure, kuijifunza tu ilinichukua mwezi muzima. Ukiwa na batu 4 ao 5 na stoki yenye inatembea, jaribu, lakini tafuta mutu wa kuiweka na mumupatane bei mapema.

Bonasi ya mwezi huu mama wa rangi njo ameibeba. Komi bado ananiuliza kama zile fakitire 10 za papa hazitahesabiwa hata nusu.