Kuku mtamu, foleni ya kuchosha: Chick-fil-A ya State Street, Santa Barbara
Sandwichi ya kuku ya Chick-fil-A, msururu wa migahawa ya chakula cha haraka wa Marekani, yenye mkate uliopakwa siagi na vipande vya tango la achari, inastahili sifa zake, na wahudumu wanaopita kati ya magari ya wateja wanaonunua bila kushuka, wakipokea oda kwa tableti, ni wepesi. Kasoro ni kiwanja. Tawi hili la California ni dogo mno kwa wateja wake, kiasi kwamba foleni ya magari ilimwagika barabarani na kuziba njia moja, hata baiskeli na mabasi yakataabika, na mwaka 2022 halmashauri ya jiji ikafikiria kulitangaza kuwa kero kwa umma. Jumapili halifunguliwi, hivyo majirani hupumua walau siku hiyo. Ningeshauri mteja aegeshe mbali kidogo, aingie kwa miguu.