Probu ya ncha ya niobiamu: nimeitumia, haya ndo maoni yangu

Aisee mwanzoni niliidharau hii kitu ya kupimia upolaji wa spini, yaani ni asilimia ngapi elektroni za sumaku zimeelekeza spini (kama kisumaku kidogo cha kila elektroni) upande mmoja. Ni waya tu wa niobiamu umenolewa ncha, unaushusha taratiiibu kwa skrubu mpaka uguse sampuli ya sumaku, vyote vimezama kwenye heliamu kimiminika ya kelvini 4.2, na niobiamu inakuwa supakondakta (inapitisha umeme bila ukinzani) chini ya kelvini 9 na kidogo kwa hiyo hapo uko salama. Halafu unapima kondaktansi, yaani umeme unapita kwa urahisi kiasi gani kwenye mguso.

Utamu uko hapa: voltiji ikiwa ndogo elektroni haiingii peke yake kwenye supakondakta, lazima ishikane mkono na mwenzake wa spini ya kinyume. Kwenye shaba wenza wapo kibao, kondaktansi inapanda hadi karibu mara 2 ya ile ya kawaida. Sasa kwenye sumaku ambayo elektroni karibu zote zimeelekea upande mmoja, mwenza atatoka wapi? Kondaktansi inashuka chap. Ndo njia iliyoonyesha mwaka 1998 kwamba kromiamu dioksidi ina upolaji wa spini wa kama 90%, wakati chuma cha kawaida hakifiki hata nusu.

Tena huhitaji uga wa sumaku wala kuhangaika na filamu za matabaka.

Kero: ncha inachakaa, kila mguso unakupa mkunjo wake wa grafu (usishangae), uchafu juu ya sampuli unashusha namba ya upolaji kwa uongo, na ukifiti modeli ya BTK (hesabu ya kutoa upolaji kwenye grafu) vigezo vinagombana wenyewe kwa wenyewe. Mi mguso mmoja siuamini, nachukua hata 20. Nyota 4, ya 5 imeliwa na heliamu.