WhatsApp Business katika nyumba ya singo: tathmini baada ya miezi 14

Nyumba yangu ya kukanda mwili na kusinga, yaani kusugua mwili kwa singo, mchanganyiko wa liwa na maua yenye harufu nzuri, ipo Magomeni, Dar es Salaam. Ina vyumba viwili, wahudumu watatu na simu moja ya kazi, na ndani ya simu hiyo, kwa miezi 14 sasa, WhatsApp Business imekuwa njia yangu kuu ya kuwaeleza watu tunachokifanya na, kwa maelezo hayo, kuwaleta mlangoni. Ninaitathmini kwa kazi hiyo ya maudhui peke yake, kwa sababu wenzangu wengi wenye saluni na spa ndogo huniuliza kama inatosha bila kumlipa mtu wa matangazo.

Mtu wa matangazo nilishamlipa. Kampuni ile, ambayo sitaitaja, ilinitengenezea picha za wanawake wa Kizungu waliolala juu ya taulo nyeupe huku wamepangiwa mawe mgongoni, huduma ambayo hatuna, na chini yake ikaandika kwamba singo huondoa sumu zote mwilini. Haikupita wiki akaja mama mmoja amebeba bahasha ya hospitali, akauliza kama tutaweza kumwondolea uvimbe wa kizazi. Nilimkalisha, nikamwambia ukweli kwamba singo ni ya ngozi na harufu, nikamsihi arudi kwa daktari wake, na jioni ile ile nikayafuta matangazo yote. Tunalo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002 kusimamia tiba hizo, na mwenye biashara kama yangu anapaswa kulifahamu. Lakini kilichonishtua zaidi ni ile bahasha, kwa kuwa mama yule alikuwa tayari kuacha matibabu kwa ajili ya sentensi moja iliyoandikwa na mtu asiyewahi kuiona singo.

WhatsApp Business ilitoka mwaka 2018, haina ada, na hukaa kwenye simu moja na WhatsApp ya kawaida mradi kila moja iwe na namba yake. Katika vyote ilivyonavyo, kilichonifaa kuliko vingine ni stetasi. Video yangu ya kwanza haikuwa na muziki wala maneno: ilionyesha mikono ya mhudumu wetu mkubwa, mzaliwa wa Pemba, akisugua kipande cha liwa, mti wa msandali wenye harufu, juu ya jiwe, akidondoshea marashi kidogo kidogo hadi uji mzito wa rangi ya udongo ukajikusanya ukingoni, kisha akiuchanganya na asumini, mlangilangi, waridi, mrehani na mpompia vilivyotwangwa. Sauti ya liwa ikikwaruza jiwe ilisikika vizuri. Asubuhi iliyofuata nilikuta maswali ambayo miaka yote sijawahi kuulizwa: singo hukaa siku ngapi kabla ya kuharibika, mwali aanze kusingwa lini, mjamzito anaruhusiwa?

Hapo ndipo niliposhika njia ninayoifuata hadi leo, yaani swali la mteja wa leo ndilo somo la stetasi ya kesho. Dada mmoja aliniandikia kwamba alijipaka mafuta ya karafuu usoni na ngozi ikamuwasha hadi akakosa usingizi. Nilimjibu kwanza yeye, kisha nikarekodi maelezo mafupi: mafuta ya karafuu yana eujenoli nyingi, ambayo huichoma ngozi yakipakwa matupu, kwa hiyo sisi hudondoshea matone machache tu ndani ya mafuta ya nazi, tukajaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono. Kwa wajawazito jibu letu ni kwamba waulize kwanza kliniki wanakohudhuria. Majibu ya namna hii hayanadi kitu, lakini wateja wangu wengi wapya wa mwaka huu waliletwa na ndugu au jirani aliyewatumia video zetu.

Katalogi ni nzuri, ingawa uzuri wake unategemea anayeiandika. Inapokea hadi bidhaa 500. Mimi nina 11. Kila moja nimeiwekea bei, muda wa huduma, viungo vyote vilivyomo, na mtu asiyepaswa kuitumia, na tangu nilipofanya hivyo wanaoniuliza bei usiku wa manane wamepungua sana. Majibu ya haraka, yaani yale yaliyoandikwa na kuhifadhiwa mapema, yanasaidia kwa mambo ya kawaida kama ramani na saa za kazi, lakini sishauri kuyatumia kwa swali la afya, kwani mtu anayeuliza kuhusu ngozi yake anastahili kujibiwa na mtu. Lebo ninazitumia kutenganisha mabibi harusi na wateja wa kila mwezi.

Mipaka yake ni ya kuizingatia kabla ya kuanza. Stetasi hutoweka baada ya saa 24, hivyo usipohifadhi video zako mahali pengine kazi ya wiki nzima inaweza kupotea. Orodha ya matangazo, ile ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa pamoja, huchukua watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako. Ndiyo maana mteja wetu anapolipa tunamwomba aihifadhi palepale, kwa hiari yake, na asiyetaka tunamwacha. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nimekuwa mwangalifu zaidi, nami sirekodi uso wa mteja hata akiniruhusu, kwani mwali anayejifurahia leo anaweza kuolewa katika nyumba isiyopenda picha.

Kwa anayefungua biashara mpya mtaa asiojulikana, programu hii pekee haitamtosha, kwa kuwa huzungumza na watu ambao tayari wana namba yake. Mimi nilianza na daftari la wateja wa miaka 6. Asiye na daftari atahitaji kwanza kibao cha barabarani, kadi za mwaliko kwa makungwi na wapambaji wa maharusi wa eneo lake, na namba iliyoandikwa kubwa juu ya kila kopo la singo linalotoka dukani.