Deki za diski za HD: geuza mgongo kwanza, picha baadaye

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji kuhusu deki za Blu-ray, zile za diski za filamu zenye picha ya HD iliyo kali kuliko ya DVD, yana sura moja. Mtu kanunua deki, kachomeka waya wa HDMI, kaweka diski aliyoiagiza kwa hamu. Nembo ya studio inatokea sekunde chache, kisha skrini inakuwa nyeusi na maandishi yanamwambia kwamba diski hii haichezi katika eneo lake. Deki nzima, diski haina hata mkwaruzo. Akimrudia muuzaji, anajibiwa kwa kujiamini: "Mimi nilikuuzia inayofanya kazi."

Basi leo sitazungumzia wembamba wa deki, taa zake za mbele, wala kama rimoti inang'aa gizani. Miongozo ya hayo imejaa kila kona. Mimi nina neno moja tu, nalo ni kufuli la eneo, yaani kizuizi kinachofanya diski ya sehemu moja ya dunia igome kwenye deki ya sehemu nyingine, na nitaipanga kila deki kwa kigezo hicho, mtake msitake.

Kufuli hili lina historia, na historia yenyewe ni vita. Mwaka 2006 diski mbili za HD ziliingia sokoni kwa kupishana miezi michache. Upande mmoja walikuwa Toshiba na NEC na HD DVD yao, wakiungwa mkono na Microsoft na Intel. Upande wa pili Sony, Panasonic, Philips, Pioneer na wenzao wengi wakiwa na Blu-ray. Mashabiki walitoana macho kwa sababu ya ujazo: HD DVD ilibeba GB 15 kwa tabaka, Blu-ray GB 25, yaani 30 dhidi ya 50 kwa diski ya matabaka mawili. Ukikaa kwenye kochi lakini, tofauti ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Zote zilitoa picha ya 1920 kwa 1080, zote zilitumia leza ya bluu ileile na mifumo ileile ya kubana video, na studio ya filamu ya Warner, iliyokuwa ikiuza pande zote mbili, mara nyingi iliweka video ileile kwenye diski zote.

Kilichomaliza ugomvi ni mikataba. Agosti 2007 studio ya Paramount ilihamia HD DVD peke yake, watu wakadhani mambo yamegeuka. Tarehe 4 Januari 2008 Warner ikatangaza kwamba itabaki na Blu-ray tu, siku chache kabla ya maonyesho makubwa ya vifaa vya elektroniki ya Las Vegas, na kundi la HD DVD likafuta mkutano wake na waandishi wa habari. Februari Netflix, waliokuwa wakikodisha diski, na maduka ya Best Buy na Wal-Mart wakaegemea upande huohuo, na tarehe 19 Toshiba ikanyoosha mikono. PlayStation 3, konso ya michezo ya Sony, nayo ilikuwa imeshaingiza Blu-ray katika nyumba za watu ambao hata hawakuwa na habari na vita hiyo.

Katika kelele zote zile, jambo moja lilipita kimyakimya: HD DVD haikuwa na kufuli la eneo. Diski iliyonunuliwa Tokyo ilicheza London bila kuuliza swali. Blu-ray ilikuja na kufuli tangu siku ya kwanza, na iliposhinda, kufuli nalo likashinda. Studio zilitaka filamu isifike madukani nchi moja wakati bado iko kwenye majumba ya sinema nchi nyingine. Siku hizi filamu hutoka karibu kila mahali kwa wakati mmoja, lakini kufuli bado lipo.

Maeneo ya Blu-ray yamepewa herufi tatu. A ni Amerika zote, Japani, Korea, Taiwan na Asia ya Kusini-Mashariki. B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati, Australia na New Zealand. C ni China, Urusi, India na Asia ya Kati. DVD ina namba zake tofauti, 1 hadi 6, na hapo ndipo wauzaji wanapochanganya watu, nitafika huko.

Inasaidia kujua kufuli linavyofanya kazi. Ndani ya kila deki ya Blu-ray kuna kumbukumbu ndogo yenye namba: 1 kwa A, 2 kwa B, 4 kwa C. Diski ndiyo inayouliza. Programu iliyomo kwenye diski inasoma namba ile, ikiikubali inaendelea, ikiikataa inakutupia lile tangazo. Kwa hiyo studio ikiamua kutouliza, diski inacheza popote. Diski nyingi za Warner na Paramount haziulizi, hata nyingi za Universal. Fox waliuliza sana. Criterion na wachapishaji wengine wadogo wanaouza kwa mashabiki wa filamu huuliza karibu kila mara, na diski zao ndizo watu wanazoagiza kutoka mbali. Inauma.

Sasa tupange.

Ya kwanza: Panasonic DP-UB820

Nina upendeleo na sioni haya. Hii ni deki ya diski za 4K, zenye picha ya nukta mara nne ya HD, zile za Ultra HD Blu-ray zilizoanza kuuzwa mwaka 2016, na jambo zuri kuliko yote kuhusu diski hizo halihusu 4K hata kidogo: hazina kufuli la eneo. Baada ya miaka kumi ya herufi, wakubwa waliamua kuziacha. Ukiwa na deki hii, diski ya 4K ya nchi yoyote inaingia na kucheza.

Yaliyobaki ni ziada nzuri. Ina Dolby Vision na HDR10+ pamoja, mifumo miwili ya kupanua mwanga na rangi za picha (HDR), na ina kile Panasonic wanachokiita HDR Optimizer, kinachopunguza mwanga wa picha ili runinga isiyo na nguvu kubwa isimeze mawingu na kuyageuza karatasi nyeupe. Kwa mwenye runinga ya kawaida, kitu hicho kina faida kuliko nusu ya maneno yaliyoandikwa kwenye boksi. Mgongoni kuna matundu mawili ya HDMI, moja la picha na jingine la sauti tu, kwa hiyo amplifaya yako ya zamani isiyoelewa 4K haihitaji kustaafu.

Ila msije mkaniambia sikuwaonya. Kwenye Blu-ray za kawaida na DVD, kufuli liko palepale. Deki iliyouzwa Marekani itakuwa A kwa Blu-ray na 1 kwa DVD. Na kuna mtego wa pili ambao hata wajuzi huusahau: Ulaya video za zamani zilirekodiwa kwa mfumo wa 50 Hz, yaani picha kuburudishwa mara 50 kwa sekunde, Marekani kwa 60, na deki nyingi za soko la Marekani hazitoi 50 kabisa. Unaweza kupata diski ya Uingereza isiyo na kufuli, filamu yenyewe ikacheza vizuri kwa sababu ni picha 24 kwa sekunde, halafu ukabonyeza mahojiano na mkurugenzi ukakutana na giza. Mbaya zaidi ni pale nembo ya mwanzo au menyu imetengenezwa kwa 50 Hz. Hapo diski haianzi kabisa, na mtu anailaumu deki, waya, runinga, hadi umeme.

Deki hii haisomi SACD. Kama una diski hizo za muziki, soma inayofuata.

Ya pili: Sony UBP-X800M2, na nyuma yake UBP-X700

Diski za 4K, uhuru uleule. X800M2 inasoma SACD na ina mwili mzito wa kutulia mezani. Kinachoniudhi ni kwamba Dolby Vision unaiwasha mwenyewe kwenye mipangilio, na ukiweka diski isiyo na Dolby Vision inakubidi ukaizime, maana deki haichagui yenyewe. Kwa mtu mmoja anayependa kuchezea mipangilio ni sawa. Kwenye familia ambayo kila mtu anaweka diski yake, utaitwa sebuleni kila Jumamosi.

Ya tatu: konso ya michezo

Kama tayari unayo PlayStation 5 au Xbox Series X yenye tundu la diski, usinunue kitu. Zinacheza 4K. Hazitoi Dolby Vision kutoka kwenye diski, na PS5 haichezi hata CD ya muziki, jambo ambalo mpaka leo sijaelewa nani alilipitisha. Blu-ray za kawaida zinafungwa kwa herufi ya soko ilikouzwa. Hakikisha tu ina tundu la diski. Yapo matoleo yasiyo nalo na kwenye picha ndogo ya tangazo yanafanana mno.

Ya nne: deki ya Blu-ray ya kawaida, ya mtumba

Inaeleweka ikiwa maktaba yako yote ni ya herufi moja na huna mpango wa 4K. Epuka za mwanzo kabisa, za 2006 na 2007, zisizo na tundu la mtandao. Zilitengenezwa kabla kanuni hazijakamilika, na diski za baadaye zilikuja na mambo zisiyoyajua. Pia kila deki ya Blu-ray huhitaji masasisho ya programu kwa sababu ya ulinzi dhidi ya unakili: diski mpya huja na funguo mpya, na deki ambayo mtengenezaji kaitelekeza inaweza kugoma siku yoyote. PlayStation 3 ya zamani kwa kweli inashinda nyingi za kundi hili, kwani Sony iliisasisha kwa miaka mingi.

Walioniuliza kuhusu kompyuta: diski za 4K zinadai ulinzi uliomo ndani ya prosesa za Intel unaoitwa SGX, na Intel iliuondoa kuanzia kizazi cha 11 cha prosesa zake za Core. Kompyuta mpya ikashindwa kazi ambayo ya zamani iliiweza. Tuendelee.

Ya tano: HD DVD

Nimeiweka hapa kwa heshima. Ukipata Toshiba HD-XA2 au HD-A35 inayofanya kazi, utakuwa na mashine ya HD isiyokuuliza umetoka wapi. Lakini deki ya Blu-ray haisomi HD DVD hata ukiibembeleza, isipokuwa chache zilizotengenezwa kusoma zote mbili, kama LG BH100 ya mwaka 2007, ambayo menyu za HD DVD haikuziweza sawasawa. Kava la HD DVD ni jekundu iliyoiva, la Blu-ray ni la bluu. Wapo wanaouza HD DVD chini ya jina la Blu-ray kwa kuficha ukingo wa kava kwenye picha.

Kwa diski zenyewe, jihadharini na za Warner. Wakusanyaji wanazijua: kwa macho ni safi, lakini zimeharibika ndani, filamu inafika katikati na kuganda kwa vipande vya mraba. Mwaka 2025 Warner yenyewe ilikiri kwamba baadhi ya DVD zake za kati ya 2006 na 2008 zina kasoro, nayo ndiyo miaka ya HD DVD. Omba ithibitishwe kwamba diski imechezwa hadi mwisho. Picha ya upande wa chini haitoshi.

Deki za DVD tupu za bei ya chini: zinacheza DVD. Basi.

Na sasa wauzaji

Nyuma ya malalamiko karibu yote kuna tangazo lenye maneno "inacheza maeneo yote". Likisomwa haraka, mtu anaelewa Blu-ray. Ukimbana muuzaji, anasema alimaanisha DVD. Kufungua DVD kwenye deki nyingi ni kubonyeza tarakimu fulani kwenye rimoti, dakika moja imeisha. Kufungua Blu-ray kwa kawaida kunahitaji kifaa kidogo kiongezwe ndani ya deki, na si kila deki imetengenezewa kifaa hicho. Kuna wanaobonyeza hizo tarakimu, kisha wanapandisha bei kana kwamba wamefanya ile kazi ya pili. Huo ni wizi uliovaa tai. Anayefungua Blu-ray kweli atakutumia video akiweka diski ya A, kisha ya B, kwenye deki moja bila kukata. Asiyeweza atakuambia kamera yake mbovu.

Halafu kuna wauza deki za mtumba za Oppo. Kampuni hiyo ilitangaza kuacha deki mwaka 2018, na UDP-203 na 205 zikageuka dhahabu. Deki nzuri, sibishi. Lakini Blu-ray zake nazo zina kufuli kama za wengine wote, na bei wanayodai watu kwa mashine iliyokwishatumika miaka yote hiyo, leza yake ikiwa imechoka na mtengenezaji hayupo, inanitoa jasho. Kila anayeondoka sokoni anawapa hawa kisingizio kipya: Samsung ilipoacha kuleta deki mpya Marekani mwaka 2019, bei za mtumba zikapanda kwa sababu "hazitengenezwi tena". Panasonic na Sony walikuwa bado wanatengeneza!

Kabla ya kulipa, omba picha ya kibandiko cha mgongoni. Pale karibu na namba ya mashine kuna alama mbili: duara la dunia lenye tarakimu, hiyo ni DVD, na alama yenye herufi, hiyo ni Blu-ray. Linganisha herufi hiyo na zilizo nyuma ya kava za diski ulizonazo. Muuzaji akikutumia picha ya mbele, omba tena ya nyuma. Akituma ya mbele mara ya pili, tafuta mwingine.