Uzoefu wangu kliniki ya mgongo: nilitaka jibu, nikapewa fomu

Wiki kadhaa sasa najiambia niachane na hili jambo lakini bado linanichoma, acha niliandike. Hospitali siitaji.

Mimi nimeendesha lori Dar mpaka Tunduma miaka mingi sana. Mgongo ulianza taratibu, baadaye maumivu yakashuka takoni, pajani, mpaka kidole gumba cha mguu wa kulia, yanawaka kama umepakwa pilipili chini ya ngozi. Kutoka kituoni mpaka nyumbani nasimama mara tatu, nainama naegemea kaunta kwa Mangi kama nanunua vocha, dakika mbili yanaachia naendelea. Ila baiskeli naendesha vizuri tu, watu wananiona muongo. Pregabalini, dawa ya maumivu ya neva, nimemeza mpaka nayumba, fizio nimeenda mpaka wamenizoea, mwisho nikapewa rufaa kwa bingwa.

Foleni toka saa kumi na mbili asubuhi, nimeingia ndani saa nane mchana. Nimekuta kijana rika la mwanangu wa kwanza. Shikamoo sikupewa, sawa, kachoka, hilo nimesamehe. Lakini yule mtu hakunitazama jamani! Mkono mmoja kainua filamu ya MRI dirishani, mkono mwingine simu anaongea na fundi wake wa uzio, akasema pingili za kiunoni, L4 na L5, mfereji wa neva umebana, tunafungua, tunaunganisha pingili, tunaweka skrubu nne na vyuma, kisha akanisukumia fomu. Mguu wangu hakuugusa. Hakuniambia hata nitembee kwa visigino aone.

Nikamuuliza, dokta, huu moto wa mguuni utaisha? Na hivyo vyuma ni lazima, haiwezekani kufungua tu panapobana? Akajibu, "Mzee, umekuja kutibiwa au umekuja kunihoji?" Mbele ya binti yangu. Mbele ya wanafunzi wawili wa udaktari waliosimama pale na madaftari. Nimelea watoto wanne, nimebeba mizigo ya watu haikupotea hata gunia, halafu naongeleshwa hivyo kwa sababu nimeuliza habari za mgongo wangu mwenyewe.

Binti akanipeleka kwa daktari mwingine, mama mtu mzima. Yeye alinilaza, akauinua mguu taratibu, akanichoma choma na pini unyayo mzima huku ananiuliza baba hapa unasikia, na hapa? Ndo nikaelewa kwamba kufungua na kuunganisha ni vitu viwili. Kufungua ni kutoa mfupa na kano iliyonenepa inayoikaba neva. Kuunganisha ni kugandisha pingili mbili ziwe mfupa mmoja, skrubu zinashikilia tu wakati mfupa unaota, na kuota kwenyewe ni miezi sita hadi mwaka, na ukivuta sigara unaweza usiote kabisa. Zikishaganda, pingili za jirani ndo zinabeba mzigo zaidi. Akanitajia utafiti wa Sweden uliotoka 2016, wagonjwa karibu 250 wenye mfereji uliobana, wengine wakafunguliwa tu, wengine wakafunguliwa na kuunganishwa, baada ya miaka miwili hali zao zikawa sawa, ila waliounganishwa walipoteza damu zaidi na kulala wodini siku nyingi zaidi. Pia akanionya, mkojo ukigoma, ganzi ikishika sehemu za siri, au mguu ukilegea ghafla, usiku huohuo niwahi hospitali nisisubiri kliniki.

Robo saa tu imetosha kusema yote hayo! Kwa hiyo kliniki ile nyota moja, na hiyo nampa nesi aliyenifuata koridoni na bahasha yangu ya filamu akasema pole baba.

Ila niseme haki ya Mungu, jirani yangu kapasuliwa na kijana huyohuyo, alikuwa anabebwa kwenda chooni, leo anasimama kwenye daladala mpaka Mbagala. Mkono wake inawezekana ni mzuri kweli. Basi tuseme nyota tatu. Lakini jirani pingili yake ilikuwa imeteleza, yule mama akasema hapo kuunganisha kunakuwa na maana zaidi, na mimi akanitaka nipige eksirei nimesimama, nikiinama mbele na nikijinyoosha nyuma, ndo ionekane kama na yangu imeteleza. Majibu nimechukua majuzi. Haijateleza. Haijateleza! Sasa skrubu nne zilikuwa za nini? Labda alikuwa na sababu yake, sikatai, angenieleza kwa sentensi mbili ningesaini palepale maana kalamu nilishaishika. Nyota narudisha, moja.

Kufunguliwa bado nafikiria, mama kasema itasaidia mguu kuliko mgongo na ganzi ya siku nyingi inaweza isirudi, sijaamua. Usiku mguu ukiwaka nasema kukicha naenda popote, hata kwa yule kijana. Fomu ninayo kabatini, jina langu limeandikwa, sahihi hakuna. Asubuhi naitoa naiangalia, nasikia lile swali lake, naikunja tena.